Barua ya wazi kwa wakuu wa skuli za biashara: kujeni sokoni na saa, hizo fomu tumechoka nazo

Kwa wakuu wa skuli za biashara hapa Kisumu na Western yote, na hasa nyinyi wa idara ya opereshoni na teknolojia ya habari, maprofesa na madaktari, habari zenu.

Mimi nauza samaki soko la Kibuye hapa Kisumu. Ngege, mbuta, na omena wakati iko. Chuo sitataja jina juu sikuja kuaibisha mtu na pia cheti yangu bado iko kwenu sijachukua, kwa hivyo nitaita tu chuo, mnajijua. Nilifanya masomo ya jioni miaka miwili, natoka sokoni nanuka samaki nakaa nyuma karibu na dirisha, na nataka mjue mapema kabisa kwamba hilo somo la opereshoni ndio lilinifanya nisisinzie. Mengine nilisinzia. Kwa hivyo msisome hii mkidhani ni mama anadharau wasomi, mimi ni mteja wenu, nililipa fii yote, na nimekuja kuuliza bidhaa yangu iko wapi.

Tuanze na zile fomu za utafiti. Ni saa kumi na mbili asubuhi, Probox imeingia kutoka Usenge na makreti, barafu inayeyuka, watu wa hoteli wanapiga simu, na hapo ndio kijana wenu anatokea, shati safi, faili kwapani, "habari ya asubuhi mama, niko na barua ya NACOSTI, ni dakika kumi tu." NACOSTI ni ile ofisi ya serikali ya kutoa ruhusa ya utafiti. Huyo ni mtoto wa mtu, siwezi mfukuza. Namwambia angoja nipange. Fomu iko na kurasa sita, Kiingereza chote, ananitafsiria hapo hapo akijikwaa: kwa kiwango gani unakubali kwamba teknolojia imeboresha ufanisi wa mnyororo wako wa ugavi, moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa. Nasema nne. Swali linalofuata, nne. Nne nne nne mpaka chini, na mwenzangu wa meza ya pili pia nne, na wacha niwaambie kitu chenye hakuna mtu huwaambia huko ofisini: nne ni namba ya heshima. Ukisema tano unaonekana unajigamba, ukisema tatu unaonekana hujui biashara yako, ukisema moja kijana atauliza kwa nini na samaki inaharibika. Sasa hizo nne zote zinaingizwa kwa SPSS, ile programu ya hesabu za takwimu, zinatoka na jedwali, mtu anasimama mbele ya jopo anasema amepata uhusiano mkubwa kati ya teknolojia na ufanisi. Uhusiano gani bana. Mmepima adabu yetu.

Na mbona kila saa ni watu 384? Kitambo nilidhani ni namba ya serikali. Nilikuja kujua darasani kwamba ni jedwali ya Krejcie na Morgan ya 1970, watu wakizidi sana sampuli inasimama hapo. Sina shida na hiyo jedwali, hesabu yake iko sawa, lakini inadhania umechukua watu bila kubagua, kama vile unachota mahindi kwa gunia lenye limechanganywa vizuri. Kijana wenu hakuchota. Alichukua wale hawakumfukuza. Wale walikuwa bize kweli, wale biashara yao inakimbia ama inazama, hao hawako kwa data yenu hata mmoja.

Alafu kuna ile nadharia ya kukubali teknolojia, ya Fred Davis, 1989, yenye inasema mtu atatumia kitu akiona kinamsaidia na akiona ni rahisi kutumia. Ni sawa, na kwa wakati wake ilikuwa kitu kipya, watu wa ofisi walikuwa wanaanza kuletewa kompyuta kwa meza. Lakini M-Pesa ilianza Machi 2007, mimi nimelipwa samaki kwa simu tangu binti yangu akiwa nasari na sai amemaliza fomu foo, na bado mwaka huu mtu wa mastaz amesimama mbele yangu kuniuliza kama naona kulipwa kwa simu ni rahisi. Wakati ananiuliza simu ilikuwa inalia mlio wa pesa kuingia. Kuna maswali ya maana huko ndani ya simu: mbona mteja wa jumla anatuma usiku na si asubuhi, zile pesa mtu ametuma kwa namba si yangu zinanipotezea saa ngapi kwa mwezi, mtu akisema "nimetuma" na meseji haijafika foleni nyuma yake inasimama dakika ngapi. Hakuna ameuliza hizo.

Nimejaza fomu nne sasa, zote za mambo ya ugavi ama teknolojia. Hakuna hata mmoja alirudi. Sisemi arudi na pesa, arudi tu aniambie mama tulipata hivi, wewe na wenzako mnapoteza hapa. Mmoja alichukua namba ya kitambulisho na ya simu, nikamuuliza ya nini, akasema fomu ndio inataka. Na nyinyi ndio mnatufundisha kwamba kuna sheria ya kulinda data ya 2019.

Sasa niwaambie kwa nini bado nawapenda. Kuna lekchara wenu mmoja, jioni moja stima imepotea, alifundisha kwa tochi ya simu ile shida ya muuza magazeti. Mtu ananunua magazeti asubuhi, hajui watu wangapi watataka, yakibaki jioni ni ya kufungia nyama. Mimi huko nyuma nikasema kimoyomoyo huyu anaongea samaki yangu. Nikatoa daftari. Wakati huo nilikuwa nanunua kilo moja kwa shilingi 300, nauza 450, na yenye imebaki jioni naachilia kwa 200 kwa mama wa kukaanga. Kwa hivyo nikikosa kilo moja na mteja yuko, nimepoteza 150. Nikibaki na kilo moja, nimepoteza 100. 150 ukigawa kwa 250 unapata 0.6, na maana yake kwa lugha ya kawaida ni nibebe kiasi chenye kitatosha siku 6 kati ya 10, hizo 4 zingine iishe mapema na nisijilaumu. Nilikuwa na mauzo ya siku 60 kwa daftari. Usiku huo nikayapanga kutoka ndogo mpaka kubwa, nikahesabu mpaka ya 36, nikapata kilo 42. Na mimi karibu kila siku nilikuwa nabeba 55, juu niliogopa mteja akose aende kwa jirani asirudi.

Nilikaa na hiyo 42 nikiiangalia kama mtu ameonyeshwa mwizi wake.

Nikaijaribu, na yule mama wa kukaanga akaanza kununa kwamba siku hizi simletei ya bei rahisi, hapo nikajua inafanya kazi. Lakini kukawa na kitu kinanisumbua, nikarudi kwa lekchara nikamuuliza: kuna siku ziwa lilinipa kilo 35 peke yake, zikaisha saa nne asubuhi, nikaandika 35. Hiyo namba ni ya wateja ama ni ya ziwa? Juu wale walikuja saa sita wakakosa sikuwaandika. Alicheka, akavua miwani, akasema mama hilo swali watu wanaandikia PhD, kwamba mauzo si sawa na mahitaji, na ukijaza daftari na mauzo tu utazidi kuagiza kidogo kila mwezi bila kujua. Na huyo alikuwa anaongea ya samaki mmoja tu wa bei moja. Hapa kwetu bei ya bichi, pale boti zinashusha samaki, inapanda ikishuka, mbuta na ngege zinavutana wateja, mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti omena vizuri kwa hivyo hata kalenda iko ndani ya hesabu, alafu ongeza friza za samaki ya China kwa barabara ya pili. Nani ameandika hiyo? Hiyo ndio utafiti. Iko hapa mlangoni kwenu, inanuka lakini iko.

Basi nikafika projekti. Nikaandika pendekezo langu: nipime dakika kutoka samaki inatoka kwa boti mpaka inaguswa na barafu, Dunga na bichi zingine mbili, asubuhi 30, na niandike ni nini ilichelewesha, kama ni dalali, ama mizani, ama barafu haijafika, ama pikipiki imeenda kubeba mtu. Saa na daftari, basi. Supavaisa wangu alisoma ukurasa mmoja na nusu. Akaniuliza nadharia iko wapi, na litarecha iko wapi, akasema hii ni kama ripoti ya bichi. Akanishauri nibadilishe niandike juu ya mbinu za ununuzi na matokeo ya mabenki ya biashara Nairobi, juu huko kuna pepa mingi za kunukuu. Nikaandika ya mabenki. Nikapata B. Benki yenyewe mwaka huo niliingia mara tatu, na zote nilikuwa naenda kuuliza mbona nimekatwa.

Simlaumu sana, na ndio maana barua ni kwenu wakuu na sio kwake. Yeye ako na madarasa mangapi, mishahara inachelewa, migomo, na pointi za kupandishwa cheo ziko kwa pepa yenye imetoka kwa jarida, hakuna pointi ya kusimama Dunga saa kumi na moja asubuhi. Fomu ya mabenki inajazwa kwa imeili, wiki mbili data iko, jarida lingine unalipa dola na pepa inatoka kabla mvua inyeshe. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, hata mimi. Nyinyi wenyewe mnafundisha kwamba wafanyakazi wanafuata kile kinapimwa. Si mjiangalie.

Lakini hilo la kusema hakuna nadharia lilinikata. Juu nadharia ya foleni, yenye mnatuandikia ubaoni na herufi za Kigiriki, ilitoka wapi? Ni Mdenmark, Agner Erlang, mtu wa hesabu kwa kampuni ya simu ya Copenhagen. Pepa yake ya kwanza ya hiyo mambo ni ya 1909. Kampuni ilikuwa inataka kujua laini ngapi zitatosha ndio watu wasipige simu wakikosa. Na huyo mtu alikuwa anaonekana kwa barabara za mji akifuatwa na kibarua amebeba ngazi, anashuka kwa mashimo ya nyaya kupima mwenyewe. Herufi za Kigiriki zilikuja baada ya shimo. Nyinyi mnataka wanafunzi waanze na herufi na shimo wasilione.

Ama tuchukue miwa. Shemeji yangu ako nayo upande wa Muhoroni. Miwa ikishakatwa inaanza kupoteza maji na sukari, kila siku inakaa ni hasara, na yeye analipwa kwa uzito. Trekta inafika kiwandani inapata yadi imejaa, inalala, dereva analala chini yake, siku ya pili, wakati mwingine ya tatu. Hiki ni kitu chenye John Little wa Marekani alithibitisha hesabu yake 1961, na ni rahisi mpaka mtoto wa darasa la sita anaeza: wale wako ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanakaa. Kama yadi iko na trekta 90 na mizani inapitisha 6 kwa saa, wewe ukifika sai utangoja masaa 15. Kwa hivyo kama shemeji angejua tu hizo namba mbili kabla ya kuita vibarua wa kukata, angeacha miwa isimame shambani siku moja zaidi, na miwa ikisimama haidai chochote. Namba mbili! Mtu wa geti anahesabu, anatuma meseji kwa kikundi cha wakulima saa kumi na mbili asubuhi na saa nane. Hapo kuna opereshoni na kuna teknolojia ya habari kwa sahani moja, na haihitaji seva wala apu ya milioni mbili. Inahitaji mwanafunzi wa kukaa kwa geti wiki nne aone kama watu wanaamini hiyo meseji, na madalali wa trekta watafanya nini wakiona wakulima wamejua (hapo sasa ndio moto), na kama kila mtu akiamua kuja saa yadi iko tupu si itajaa tena saa hiyo hiyo. Hilo la mwisho silijui jibu lake. Nyinyi mnaeza lijua.

Na msiseme mambo ya bichi haiwezi toka kwa jarida kubwa. Kule Kerala, India, kuna mtafiti anaitwa Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa, samaki ndogo tu kama omena zetu, wiki kwa wiki, miaka, tangu kabla ya simu ya mkono kufika pwani yao mpaka minara ikasimama kati ya 1997 na 2001. Siku moja ya Januari 1997 kwa bichi inaitwa Badagara wavuvi 11 walimwaga samaki juu hawakupata mnunuzi, na siku hiyo hiyo, chini ya kilomita 15 kutoka hapo, kulikuwa na wanunuzi 27 wamekosa samaki. Simu zilipokuja wavuvi wakaanza kupiga wakiwa bado majini kuuliza bei, samaki za kutupwa zikaisha, faida ya mvuvi ikapanda na bei kwa mlaji ikashuka kidogo. Pepa ilitoka 2007 kwa moja ya majarida makubwa kabisa ya uchumi duniani. Ni kweli yeye ni mtu wa uchumi, si wa opereshoni, lakini niambieni hiyo si mnyororo wa ugavi ni nini? Ni nyinyi mmewaachia.

Hata M-Pesa. Pepa yenye kila mtu ananukuu ni ya Tavneet Suri na William Jack, kwa jarida la Science, 2016, yenye ilikadiria M-Pesa ilitoa familia 194,000 za Kenya kwa umaskini. Ni kazi nzuri sana, walirudi kwa nyumba zile zile mara kwa mara kwa miaka. Lakini Suri anafundisha MIT na Jack Georgetown, zote Marekani. Yaani simu ni yetu, pesa ni yetu, mama mwenye anatumiwa ni wa hapa Nyalenda, na mtu wa kuihesabu akavuka bahari kuja. Hapo mimi kama mtu nimesoma kwenu nilisikia vibaya kidogo, siwezi danganya.

Kwa hivyo nataka nini. Kwanza mruhusu mwanafunzi apime kwa saa badala ya fomu, na jopo lisimuulize sampuli ya 384 wakati ameangalia boti 400 kwa macho yake. Kuangalia ni data. Nilisema kwanza lakini sina ya pili na ya tatu zimepangwa, nitasema tu zenye zinanikaa: hakuna projekti ipitishwe kama mwenye ameandika hajarudi mahali alitoa data na kuongea na hao watu, kwa Kiswahili ama Dholuo ama Luhya, hata kama ni dakika kumi na tano kwa mkutano wa BMU, kile kikundi cha kusimamia bichi, na supavaisa awe hapo amesimama asikie tukimuuliza maswali, juu tutamuuliza. Na huyo lekchara akitatua kitu, akipunguza foleni ya kliniki ama akasaidia chama cha barafu wasikose, hiyo ihesabiwe kwa kupandishwa cheo, hata kama ni nusu ya pepa. Sijui mtaandikaje kwa fomu zenu za seneti, hiyo ni kazi yenu, nyinyi ndio wakubwa.

Kuna kitu kingine na hii si ya samaki. Hapa kila ofisi ukienda unaambiwa sistimu iko daun. Nimewahi kaa masaa matano mahali, sitasema ni wapi, na mtoto ana homa, sistimu iko daun, na ilipokuja watu walikuwa wameanza kupanga foleni mpya wale wa kwanza tukawa wa mwisho. Idara yenu ina jina la teknolojia ya habari mlangoni. Kuna mtu kwenu anajua sistimu za huduma hapa Kisumu zinalala masaa mangapi kwa wiki, na zikilala makarani wanafanya nini, wanaandika kwa karatasi alafu wanaingiza baadaye ama inapotea? Si lazima mvunje siri ya mtu. Mtume wanafunzi wanne wakae kwa benchi.

Najua wengine wenu mtasema huyu mama ameongea mengi na hajui ugumu wa utafiti. Inawezekana. Lakini najua ugumu wa kuamka saa tisa usiku. Na najua lekchara wa ile tochi bado ako kwenu juu nilimuona Mega Plaza mwezi uliopita, tukasalimiana, nikamwambia kilo 42 sai imekuwa 47 juu bei zimebadilika, akatoa kalamu hapo hapo kwa ngazi akaanza kuhesabu tena nyuma ya risiti. Huyo mkimpatia wanafunzi wawili na nauli ya pikipiki atawafanyia kitu.

Bado niko na lile pendekezo langu la barafu, limechapwa, liko na doa la samaki ukurasa wa tatu. Mtu akilitaka nampatia bure, hata aweke jina lake. Niko Kibuye kutoka saa kumi na mbili, na Dunga kabla ya hapo. Mkuje katikati ya wiki, Jumapili Kibuye hujaa hakuna mtu atawasikiza, na mvae gambuti juu hapo kwa mizani kuna maji kila wakati. Saa mje nayo, yangu ilianguka ziwani.

Mama samaki wa Kibuye, mwanafunzi wenu wa zamani